Uta, Bunduki na Kisima

Kila mifugo inapoingia mashambani Mutha, Endau au Tseikuru na damu ikamwagika, sauti mbili husikika Kitui. Ya kwanza yataka wafugaji wapokonywe bunduki. Ya pili, ambayo hupaazwa matangani na majukwaani, yataka mkulima naye apewe yake. Sauti hii ya pili haifai kufuatwa, ingawa haifai kubezwa pia.

Haifai kubezwa kwa kuwa mkulima ana hoja. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyotungwa mwaka wa 1953 katika kipindi cha Hali ya Hatari, humkataza raia kumiliki bunduki bila cheti. Kwenye karatasi amri hiyo haibagui. Kwa vitendo, mwenye bastola halali aghalabu ni tajiri wa mjini aliye na uwezo wa kuinunua na kuitetea haja yake mbele ya bodi ya leseni. Mwenye bunduki haramu naye huipata kupitia njia za magendo zilizopanuka baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Somalia mwaka wa 1991. Katikati amebaki mkulima na uta wake. Neno hilo ni la Kikamba kama lilivyo la Kiswahili, na umahiri wa Wakamba katika mshale wenye sumu wajulikana tangu kale. Lakini mshale haushindani na risasi. Huko Makueni, kandokando ya Tsavo na Chyulu, uta wenyewe uligeuka ushahidi wa kosa uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka wa 1977. Ndovu akivamia shamba la Kibwezi, mwenyewe hugonga mabati na kungoja askari wa wanyamapori.

Je, basi kila boma lipewe bunduki? Wapenzi wa fasihi watamkumbuka Fumo Liyongo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka wa 1913, shujaa huyo, baada ya kudungwa na mwanawe, afa kisimani akiwa amepiga goti, mshale u tayari utani, na watu wa mji waogopa kusogea kuteka maji. Maiti yenye silaha iliwanyima watu maji! Na ugomvi wa Kitui, ukiuchimba, ni wa maji na malisho. Wafugaji wa ngamia kutoka Tana River na Garissa huja kiangazi kikikaza, na si kila mfugaji ni jambazi, japo wanasiasa wetu hujifanya hawalijui hilo. Bunduki ya pili kisimani haitaongeza hata ndoo moja.

Wapo wanaopendekeza polisi wa akiba. Pengine watafaa, iwapo kila bunduki na kila risasi itahesabiwa. Mwaka wa 2019 serikali iliwapokonya polisi hao silaha katika kaunti kadhaa za kaskazini kwa madai ya matumizi mabaya, na vijiji vikalalamika kwamba vimeachwa wazi.

Serikali inayomnyima mkulima bunduki imejitwika deni la kumlinda. Deni hilo halikulipwa na moto wa Ngong wa Novemba 2016, ulioteketeza silaha haramu zaidi ya 5,000 mbele ya kamera. Mutha na Tseikuru zahitaji kituo cha polisi chenye gari na mafuta karibu na visima, na mapatano ya malisho yaandikwe kabla ya kiangazi, wazee wa pande zote wakiwapo.