Mwenye Nyumba Naye Aambiwe

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa fizikia alinijia ofisini na karatasi ya ukurasa mmoja. Alitaka nimfasirie kwa Kiswahili ombi la kuweka vifaa vya kupimia gesi ya radoni katika nyumba za wanakijiji huko Kwale. Niliifasiri. Lakini nilipotafuta sentensi isemayo mwenye nyumba ataelezwa matokeo lini na kwa lugha gani, sikuiona.

Radoni haina rangi, harufu wala ladha. Huzaliwa na madini ya urani yaliyomo ardhini, hupenya katika nyufa za sakafu, na hujikusanya katika chumba kisichopitisha hewa. Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu. Mwaka 2009 lilipendekeza kwamba nyumbani isizidi bekereli 100 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na pale ambapo hilo haliwezekani, isipite 300.

Kwale haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kilima cha Mrima kina thoriamu nyingi, na thoriamu huzaa gesi iliyo ndugu ya radoni, iitwayo thoroni. Nusu ya thoroni hutoweka kabla ya dakika moja kutimia, hivyo itokayo chini sana haifiki mbali. Ya kuogopwa ni ile itokayo ukutani. Na kuta za nyumba nyingi za huko ni za udongo wa papo hapo. Wataalamu wamekwisha kuzipima nyumba za udongo za Mrima na kuchapisha matokeo katika majarida ya kimataifa, kwa Kiingereza. Je, mama alazaye wanawe kando ya ukuta huo atalisoma jarida gani?

Kupima si kazi kubwa. Kifaa chenyewe ni kikopo kidogo cha plastiki kinachoachwa chumbani miezi 3 au zaidi, kisha hupelekwa maabara. Kazi ni kurudi kijijini na jibu.

Wapo wasemao kwamba wanakijiji wataingiwa na hofu bure. Nawajibu kwamba hofu hukua zaidi pale mgeni anapoondoka na kikopo chake asirejee. Wapo pia wadaio kwamba lugha zetu hazina istilahi. Hoja hii naikataa kwa mujibu wa taaluma yangu. Bekereli ni jina la Mfaransa, Henri Becquerel, na Waingereza nao waliliazima. Isitoshe, mwenye nyumba hahitaji bekereli. Anahitaji kuambiwa kama hewa ya nyumba yake imepita kiwango au la. Na ikiwa imepita, afungue madirisha, azibe nyufa, wala asikandike upya kwa udongo ule ule wa kilima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ndio wenye madhara.

Enyi walimu, mnapowafunza vijana kukusanya data mashinani, wafunzeni kwamba utafiti haujakamilika mpaka aliyefungua mlango wake apewe jibu. Nanyi wanafunzi, msiridhike na alama za tasnifu pekee.

Ile karatasi niliirudisha ikiwa na sentensi moja niliyoiongeza: "Matokeo ya nyumba yako utaletewa wewe kwanza." Nikamwomba mwanafunzi wangu atafute Mdigo wa kuisema kwa Kidigo.