Saratani ya Tezi Dume Inapoasi Dawa

Mzee aliyevaa sare miaka thelathini huona haya kumweleza daktari kijana kwamba mkojo unamsumbua. Kwa sababu hiyo, wanaume wengi wa Uganda hufika hospitali ya Mulago saratani ya tezi dume ikiwa imekwisha kuingia mifupani. Hapo kisu hakiwezi tena kuing'oa. Linalobaki ni kuinyima chakula chake.

Chakula hicho ni homoni ya kiume, yaani testosteroni. Charles Huggins, daktari wa Chicago, alilithibitisha jambo hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo msingi wa tiba haujabadilika: ama korodani huondolewa, ama mgonjwa hudungwa sindano kila mwezi au kila miezi mitatu. Kwa mwenye kipato kidogo upasuaji ndio nafuu, maana hulipiwa mara moja tu, ingawa wengi huukataa kwa hofu ya kupoteza uanaume. Maumivu hupungua, mzee hurudi shambani. Kisha, baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi, kipimo cha damu kiitwacho PSA hupanda tena, na mgongo huanza kuuma. Jamaa hukata tamaa, na fedha iliyosalia hupelekwa kwa mganga wa mitishamba.

Wanaharakisha mno. Kwanza yafaa testosteroni yenyewe ipimwe. Ikiwa sindano zilirukwa kwa kukosa fedha, au kwa kuwa mgonjwa alihamishiwa kambi ya mbali, huenda ugonjwa haujaasi hata kidogo, umelishwa tu. Homoni ikiwa chini ya nanogramu 50 kwa desilita, na ugonjwa bado unakua, ndipo daktari husema umeasi. Hata hapo sindano haziachwi. Tiba mpya huongezwa juu yake.

Tiba hizo zipo. Dosetakseli, dawa ya dripu itolewayo kila wiki tatu, ilionyeshwa mwaka 2004 kwamba hurefusha maisha na kupunguza maumivu. Abirateroni ni tembe zinazozuia homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo na hata na saratani yenyewe. Humezwa pamoja na prednisoloni, na shinikizo la damu hupimwa mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Ipo pia enzalutamaidi. Lakini familia na ijue mapema: mgonjwa ambaye abirateroni imemshinda ni nadra kupata faida kubwa kwa kuhamia enzalutamaidi. Kuuza ng'ombe wa pili kwa safari hiyo ni hasara, na daktari mwaminifu atalisema hilo akiulizwa.

Na aulizwe kweli. Dawa hii inatazamiwa kuongeza nini? Kwa kawaida ni miezi, si miaka mingi. Itagharimu kiasi gani kila mwezi, na ikikatizwa itakuwaje? Mwaka 2018 utafiti mdogo ulionyesha kwamba robo ya kipimo cha abirateroni, ikimezwa pamoja na chakula, iliushusha PSA sawa na kipimo kizima kinachomezwa tumbo likiwa tupu. Baadhi ya madaktari huitumia njia hiyo kupunguza gharama. Mgonjwa asijaribu mwenyewe, kwani kipimo kizima kikiliwa na chakula huweza kudhuru.

Kwa mfupa unaouma, mionzi husaidia sana. Mara nyingi kikao kimoja hutosha. Wakazi wa Kampala hawajasahau mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika isitengenezeke, hata mpya ikazinduliwa Januari 2018. Sasa Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ina mashine zaidi ya moja. Hata hivyo, iko hatari isiyongoja foleni: miguu ikilegea ghafla, ikifa ganzi, au mkojo ukizuilika, huenda uti wa mgongo umebanwa. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Akingoja Jumatatu, huenda asitembee tena.

Maumivu nayo hayapaswi kuvumiliwa kiaskari. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, na yenye makao Makindye, iliieneza nchini morfini ya kunywa, ambayo mgonjwa hapewi kwa bei. Tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Mke asiogope kwamba mumewe atakuwa mlevi. Aogope zaidi kufunga choo, na aombe dawa yake siku ile ile anayochukua chupa ya kwanza. Kwenda huko mapema hakumzuii mtu kuendelea na tiba ya Mulago.

Kadi za vipimo, tarehe za sindano na majina ya dawa viwekwe katika daftari moja, na daftari hilo lisafiri pamoja na mgonjwa.