Hewa ya Manzese Nani Anaipima?

Mimi si mtaalamu wa mazingira, ni nesi tu hapa Landover, na mambo ya siasa huwa nasikiliza zaidi kuliko kusema. Ila hili la hewa limenifika shingoni.

Juni 8, 2023, moshi wa misitu iliyokuwa inaungua Kanada ulitanda huku kwetu. Natoka zamu asubuhi, naangalia simu: rangi ya zambarau, maana yake hewa ni mbaya sana kwa kila mtu, siyo wenye pumu peke yao. Nikavaa barakoa, watoto wakashinda ndani. Uamuzi wa dakika moja, kwa sababu kuna mashine mahali inapima.

Sasa mama yangu mdogo yuko Manzese. Miaka 26 anakaanga vitumbua kwa kuni na mkaa, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro. Kikohozi hakimwachi. Amepimwa kifua kikuu mara tatu, hana. Dawa za nimonia amemeza mpaka basi. Kila Jumapili ananiuliza, "Mwanangu, wewe si nesi? Mbona huniambii naumwa nini?" Nimwambie nini? Naushuku moshi, lakini hajawahi kuambiwa hewa ya mtaa wake ikoje, hata siku moja.

Na jamani, siyo lile vumbi mnalofuta kwenye kabati. Chembe zinazoua hazizidi mikroni 2.5, unywele mmoja una upana wa karibu mara 30 ya hapo. Pua haizikamati. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu, ndiyo maana wodini tunaona mpaka kiharusi na moyo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha wastani wake wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Kwa macho huwezi kujua uko kwenye 5 au 50.

Pale London mtoto wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki kwa pumu Februari 2013. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Aliwezaje? Kilikuwepo kituo cha kupima hewa kama maili moja kutoka kwao, na kumbukumbu zake zilitunzwa. Angekuwa wa Tandale tungesema amri ya Mungu, tukazika.

Msiniambie hatuna sheria. Sheria ya Mazingira ni ya 2004, kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007. Kiwango bila kipimo ni kama kumwandikia mtu dawa ya presha bila kumfunga mashine mkononi.

Wala msiniambie wafadhili. Balozi za Marekani zilikuwa zikitangaza vipimo vya hewa vya miji mbalimbali, Kampala ikiwemo. Machi 2025 Washington ikasitisha kuvitangaza, kisa fedha. Nguo ya kuazima, mnajua wenyewe. Waganda lakini hawakubaki gizani: Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mradi wa AirQo ulioanza 2015, wanatengeneza vifaa vyao vinavyohimili vumbi na umeme wa kukatika, vingine wamevifunga kwenye bodaboda. Vina kasoro, ndiyo. Unyevu huvimbisha chembe, kifaa kikasoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo lazima vilinganishwe na mashine kubwa. Kwa joto la pwani hilo siyo dogo, ila linafanyika.

NEMC na halmashauri wafunge vifaa kwenye shule na zahanati za Manzese, Ubungo na Kariakoo, na namba zisomwe kila jioni baada ya taarifa ya habari.

Mimi nimemtumia mama mdogo hela ya jiko la gesi. Amelinunua, analipikia chai. Vitumbua, anasema, mtungi unaisha kabla faida haijaonekana.