Bibi Ella Stewart na Duka la Dawa la Toledo



Mwezi huu tunapenda kumkumbuka mwanamke ambaye huenda wengi wenu hamjapata kumsikia: Bibi Ella Stewart wa Marekani, mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kusomea ufamasia katika nchi ile.

Alizaliwa mwaka 1893 katika jimbo la Virginia. Wazazi wake walilima shamba la mtu na kugawana mavuno na mwenyewe. Akiwa na miaka sita alipelekwa kwa bibi yake ili apate kusoma. Aliolewa angali kijana, wakahamia Pittsburgh, akajaliwa binti mmoja. Mtoto huyo alikufa kwa kifaduro akiwa bado mdogo.

Sisi wauguzi tunaujua ugonjwa huo. Mtoto hukohoa mfululizo hadi pumzi inamwishia, akivuta hewa hutoa mlio mkali, kisha hutapika yote aliyolishwa. Huendelea hivyo kwa majuma mengi. Siku hizi kinga yake imo katika sindano ya pentavalenti, ile ambayo watoto wetu huchomwa kliniki wakiwa na majuma 6, 10 na 14. Miaka ile chanjo ya kutegemewa haikuwapo. Mama alikaa na mtoto wake mapajani, akingoja.

Baada ya msiba Ella alipata kazi ya kutunza hesabu katika duka la dawa, na hapo ndipo hamu ya kujifunza dawa ilipomwingia. Alipoomba kusoma Chuo Kikuu cha Pittsburgh aliambiwa nafasi zimekwisha. Hakukata tamaa, akazidi kuomba hadi wakampokea. Darasani aliketishwa mbali na wenzake weupe. Mwaka 1916 alihitimu, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kumaliza masomo ya famasi chuoni hapo, akafaulu na mtihani wa jimbo. Tufikirie kidogo: amefiwa na mtoto, na ndoa ile nayo haikudumu. Shangazi wangapi wangemshauri atulie nyumbani!

Mwaka 1920 aliolewa na William Stewart, naye mfamasia. Mwaka 1922 walifungua duka lao la dawa mjini Toledo, Ohio, la kwanza mjini humo kumilikiwa na kuendeshwa na watu weusi. Bwana na bibi walifanya kazi pamoja nyuma ya kaunta, wote wawili wakiwa na cheti kile kile (na tuseme kweli, hata leo si kila mume angependa hivyo). Makao yao yalikuwa ghorofani, vyumba vinane. Kwa kuwa hoteli ziliwakataa watu weusi, wageni walikaribishwa humo, wakiwamo mwimbaji Marian Anderson, mwalimu Mary McLeod Bethune na mwandishi W. E. B. Du Bois. Tunajiuliza nani alipika, siku ambazo duka lilijaa wagonjwa.

Waliliuza duka mwaka 1945. Kuanzia 1948 hadi 1952 Bibi Stewart aliongoza chama cha kitaifa cha wanawake weusi wa Marekani.

Watu wengi husifiwa wakiwa wamekwisha kuzikwa. Yeye aliishi hadi mwaka 1987, akafa akiwa na miaka 94, na heshima yake aliiona kwa macho: mwaka 1961 shule mpya ya msingi mjini Toledo ilipewa jina lake, naye akawa akienda kuwatembelea watoto madarasani.