Alama ya Na haikutoka kwenye Kiingereza

Imani kwamba Kemia haisemeki kwa Kiswahili imeota mizizi Tanzania, na hata walimu wazuri huirudia. Uraia unasemeka, Historia nayo labda, lakini mmenyuko, moli na elektroni eti ni mali ya Kiingereza. Ushahidi wa kwanza dhidi ya imani hiyo umebandikwa kwenye kuta za maabara zetu: jedwali la elementi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaambiwa kwamba alama ya sodiamu ni Na. Herufi hizo zimo wapi katika neno la Kiingereza? Hazimo, kama vile K isivyomo katika potasiamu. Humphry Davy wa Uingereza ndiye aliyeiita sodiamu mwaka 1807, lakini alama ilitokana na natrium, jina alilolipendelea Berzelius wa Uswidi, nalo lina asili yake katika natron, yaani magadi. Ni magadi yaya haya yanayolainisha maharage jikoni, na ndiyo yaliyolijaza Ziwa Natron mkoani Arusha. Mtoto aliyelelewa kwa makande ya magadi ana sababu ya kuielewa Na kuliko mwenzake wa London, ila hakuna anayemwambia.

Watetezi wa Kiingereza husema istilahi za Kemia ni sahihi mno kiasi kwamba zikitafsiriwa zitaharibika. Tuitazame oksijeni. Mkemia Mfaransa Lavoisier aliliunda jina hilo kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mzaa asidi, akiamini kwamba hakuna asidi isiyo na oksijeni. Mwaka 1810 Davy alionyesha kwamba asidi inayotokana na chumvi ya kawaida haina oksijeni hata chembe. Jina likabaki, na kosa lake ndani. Wajapani walipoanza kuisoma Kemia ya Ulaya, mtaalamu wao Udagawa Yoan alilitafsiri kwa sanso, asili ya uchachu, na haidrojeni akaiita suiso, asili ya maji. Walihamisha hadi kosa, na bado Kemia yao ikasonga mbele kwa Kijapani. Mendeleev naye alilipanga jedwali lake mwaka 1869 akiwa katikati ya kuandika kitabu cha kiada kwa Kirusi.

Kwetu maneno hayajakosekana. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tunayo myeyusho, mashapo, kichocheo. Neno la mwisho linajieleza: anayejua kuchochea moto anajua kwamba jambo litakwenda kasi. Kweli, mwalimu atalazimika kuongeza kwamba kichocheo hakiishi kama kuni, lakini hapo ndipo somo linapoanza. Neno la Kiingereza kwa mwanafunzi huyo ni sauti tupu ya kukariri.

Pingamizi lenye uzito ni la vitabu. Vya Kiswahili kwa sekondari ni vichache, na vyuo vikuu vinafundisha kwa Kiingereza. Nakubali, na ndiyo maana kuhama kwa siku moja kungekuwa wazimu. Lakini uchache huo ni zao la sera yenyewe: nani achapishe kitabu kisicho na mtihani? Wanaohofia kwamba watoto watakikosa Kiingereza wanasahau kwamba kina kipindi chake na mwalimu wake. Kemia haikuajiriwa kuifanya kazi hiyo. Darasani, isitoshe, mwalimu hueleza kwa Kiswahili ili aeleweke, kisha ubaoni anaandika kwa Kiingereza ili watu wafaulu. Mtihani ukiuliza kwa nini chumvi kavu haipitishi umeme ilhali maji ya chumvi yanapitisha, anayejua kwamba ioni zimepata nafasi ya kutembea lakini hana Kiingereza cha kulisema hilo anapata sifuri. Aliyekariri sentensi asiyoielewa anapata alama zote. Kisha tunasema watoto hawaiwezi Kemia.

Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Haikuwa. Basi Baraza la Mitihani lianze na hatua ndogo isiyohitaji tume nyingine: karatasi ya Kemia ya kidato cha pili ichapwe kwa lugha zote mbili, na kila mtahiniwa aachwe ajibu kwa ile anayoielewa.