Maji Yaliitangulia Habari

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba ratiba ya redio ni orodha ya burudani tu, wala si jambo la kumshughulisha mwenye dhamana ya Serikali. Sisi hatuafiki. Tumeona yafaa leo tuitazame siku moja ya redio ya Uingereza kama ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, miaka ile ile ambayo Sauti ya Unguja, iliyoanza mwaka 1951, ilikuwa bado changa. Kwani ndani ya siku ile mna jambo linalotuhusu sana sisi watu wa visiwani.

Zama hizo BBC ilikuwa na idhaa tatu kwa ajili ya wananchi wake. Home Service ilileta habari, sala na masomo ya shule. Light Programme ilileta muziki na michezo. Na Third Programme, iliyofunguliwa jioni, iliwahudumia wapenzi wa elimu ya juu. Mwenye redio alitoa paundi 1 kwa mwaka, na kwa fedha hiyo kila mtu alipata saa yake. Asubuhi akina mama walipigiwa nyimbo walizoziomba. Viwandani ulisikika muziki wa mfululizo ili mikono isilegee kazini. Saa 8 kasorobo mchana watoto wadogo walisimuliwa hadithi, na saa 8 kamili kikafuata kipindi cha wanawake, ambacho kilipoanza mwaka 1946 (tunalitaja hili kwa tabasamu) kiliongozwa na mwanamume.

Lakini kipindi tunachotaka wakubwa wakizingatie ni kile cha saa 1 kasorobo jioni. Nchi ile, ingawa ilishinda vita, ilikuwa ingali ikila chakula cha mgao, na mgao wenyewe haukumalizika hadi mwaka 1954. Wizara ya Kilimo ilitaka wakulima wazalishe zaidi. Katika mkutano uliofanyika Birmingham mwaka 1948, mkulima mmoja alisimama akasema kuwa kinachotakiwa ni mchezo wa kusisimua mfano wa ule wa mpelelezi Dick Barton, ila uwe wa wakulima. Waliohudhuria walicheka. Mtayarishaji Godfrey Baseley hakulisahau neno lile, na tarehe 1 Januari 1951 The Archers, mchezo wa jamaa mmoja wa shamba, ukaanza kusikika nchi nzima, dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki. Mbolea, magonjwa ya mifugo na bei za mazao viliingizwa katika mazungumzo ya mezani, baina ya ugomvi na posa, kwa ushauri wa Wizara hiyo. Hapakuhitajika hotuba ya Waziri. Watu wa mjini nao, wasio na hata kuku, wakawa hawabanduki redioni. Mchezo huo ungali ukitangazwa hadi leo.

Zaidi ya hayo, idhaa hiyo hiyo ya nyimbo, kwa mawimbi yake ya mita 1500 yaliyofika mbali baharini, ndiyo iliyosoma hali ya hewa kwa mabaharia. Kwa saa maalumu muziki ulinyamaza, na mtangazaji akazitaja sehemu za bahari moja moja, Dogger, Thames, Fastnet, Hebrides, polepole kiasi cha nahodha kuweza kuandika.

Pamoja na utaratibu wote huo, siku moja haukutosha. Jumamosi, tarehe 31 Januari 1953, dhoruba iliyokwisha kuizamisha meli ya Princess Victoria, na kuua watu zaidi ya 130, iliyasukuma maji ya Bahari ya Kaskazini kuelekea kusini. Yapata saa 1 usiku maji yalikuwa yamekwisha kuvunja kingo za Lincolnshire. Kisiwa cha Canvey, karibu na mdomo wa mto Thames, hakikufikiwa hadi baada ya saa 7 usiku. Hapo katikati zilipita saa sita. Kwa sehemu kubwa ya saa hizo redio zilikuwa zikiimba majumbani. Kisha, saa 6 usiku, Light Programme ikafunga matangazo yake kama ada. Wilaya moja haikuiarifu nyingine, na watu wa Canvey walilala. Katika kisiwa kile walikufa watu 58, na katika Uingereza nzima, kwa mafuriko ya nchi kavu, 307. Baada ya maafa iliundwa kamati chini ya Lord Waverley, na huduma ya kuonya juu ya kujaa kwa bahari ikaanzishwa.

Hatuwezi kuwalaumu watangazaji. Mtangazaji husoma alicholetewa. Wenye habari walikuwa polisi, walinzi wa kingo na wataalamu wa hewa, kila mmoja ofisini kwake, na hapakuwa na aliyepewa jukumu la kuinua simu na kuamuru muziki usimame.

Basi tunawauliza wenye dhamana ya visiwa vyetu, kwa heshima na kwa dhati. Upepo ukibadilika usiku wa manane, ngalawa zikiwa nje na majahazi njiani baina ya Unguja na Pemba, ni afisa gani, kwa cheo chake, aliye na mamlaka ya kukatiza taarabu redioni? Na je, afisa huyo anajijua?