Sifa ya Kuachia
Tukisikia habari za kitambuzi kipya, huuliza kinanasa kidogo kiasi gani. Mimi siku hizi nauliza kinaachia upesi kiasi gani. Chukua dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Mwaka 1962, Bengt Falck na Nils-Åke Hillarp wa Uswidi waliifanya iwake kwa mvuke wa fomaldehaidi, ila katika vipande vya ubongo uliokwisha kufa: picha ya soko baada ya wachuuzi kuondoka. Mwaka huohuo Osamu Shimomura na wenzake wakaieleza dunia juu ya protini za nuru za konyeza wa baharini. Miaka 56 baadaye, maabara ya Lin Tian huko California ilipachika protini ya kijani yenye asili hiyo ndani ya kipokezi cha dopamini. Dopamini ikikishika, kipokezi hujikunja na mwanga huongezeka, katika ubongo wa panya aliye hai. Kazi ngumu ni kupima mshiko. Ukilegea mno, huoni kitu. Ukikaza mno, taa inabaki imewaka hata mgeni akishaondoka, nayo inakuwa saa iliyosimama. Tena lazima kitambuzi hiki kiikatae noradrenalini, pacha anayetofautiana kwa atomu moja tu ya oksijeni. Kwa hiyo msinisifie taa kwa kuwaka. Nisifieni inayojua nani wa kumwakia, na wakati wa kuzima.